Moto Niliowasha Nyuma ya Mwamba

Dunga, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Akinyi,

Moto ule sikuuwasha kwa jiwe. Niliuwasha kwa njiti za kiberiti. Zilikuwa tatu, mbili zikabomoka, ya tatu ikashika. Baba hajui. Padre hajui, ingawa nimepiga magoti mbele yake mara nyingi nikamtajia dhambi ndogondogo za kujaza nafasi. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuambiwa, na nakuomba usimwambie mtu mwingine.

Nitakuambia uifungue barua hii ukifika kisiwani kwa Shangazi Perpetua, na najua hutangoja. Utaifungua mashuani, kabla hata ufuo wetu haujapotea machoni, na Ouma mwenye mashua atakuwa ameshika usukani hatua mbili kutoka ulipoketi. Kwa hiyo nakuomba jambo la pili: usisome kwa sauti. Wewe husoma kila kitu kwa sauti, hata karatasi za kufungia sukari, na nimekukataza mpaka nimechoka. Hii isome kwa macho.

Wewe na Baba mmeenda Kondele kutafuta viatu vya shule. Kwa jinsi unavyochagua viatu, nina muda mwingi. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kijaluo ningeisikia sauti yangu mwenyewe na ningeacha baada ya mstari wa kwanza.

Sitakuandikia habari za mswaki, wala za kufua soksi, wala za kumsalimu Shangazi kabla hujamwomba kitu. Hayo unayajua. Huyatendi, lakini unayajua. Nataka kukuandikia habari za kopo ambalo Baba ameliweka kwenye kikapu chako, kwa sababu unakwenda nalo kama bendera na mimi siwezi tena kulitazama.

Mtu akiiokota barua hii atashangaa kuona binti wa miaka kumi na minane akimwita mdogo wake wa miaka kumi na mmoja mwanangu. Lakini wewe ndiye uliyeanza. Mama alipofariki ulikuwa na miaka mitatu. Siku chache baada ya mazishi ulinishika gauni ukaniita Mama mbele ya wageni, na mimi kwa haya nilizo nazo sikujua namna ya kukukatalia. Baba naye anakuita wewe Mama kwa kuwa umepewa jina la mama yake mzazi. Kwa hiyo nyumba yetu ina watu watatu na mama wawili, na hakuna hata mmoja aliyezaa.

Sasa kopo. Unajua vilivyomo: jiwe jeupe la gumegume, kipande cha tupa iliyovunjika, na kitambaa cheusi. Jiwe lilitoka Kakamega, Baba alipokuwa kijana akifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu. Wenzake walirudi na pesa au walirudi na kikohozi, yeye akarudi na jiwe, na mpaka leo anaona aliwazidi. Tupa ni ya kazi yake ya kuunda mashua. Kitambaa, alisema, ni kitambaa tu. Unakikata, unakiweka koponi, unatoboa tundu kwenye kifuniko kwa msumari, unaliweka kopo kwenye makaa. Moshi ukishakwisha kutoka tunduni, unalitoa, unaliacha lipoe bila kulifungua. Kitambaa kinakuwa cheusi na chepesi, na cheche moja ikikiangukia inabaki hapo, nyekundu, inatambaa polepole, mpaka uifungie kwenye nyasi kavu uipulize.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu aliponiambia kazi ya moto wa asubuhi ni yangu, na kwamba kiberiti cha nyumbani ni cha taa peke yake. Kitambaa chake cha zamani, alichokikata kwenye tanga bovu la mashua, kilikuwa kimekwisha. "Tengeneza kingine," akasema. "Tafuta kitambaa kikuukuu." Nikatafuta. Kitambaa kikuukuu cha nyumba yetu kilikuwa shati langu la shule lililochanika kwapani. Nikalikata, nikaliweka koponi, nikafanya yote kama alivyosema.

Halikuwa jeusi jepesi. Lilikuwa donge, kama lami iliyokauka, limeng'ang'ania chini ya kopo. Nilidhani ndivyo linavyotakiwa kuwa. Nilipiga jiwe asubuhi ile mpaka vidole vikatoka damu. Cheche zilianguka juu ya donge zikafa. Nilipiga siku ya pili, ya tatu, wiki nzima. Kila jioni Baba aliuliza, "Moto umewakaje leo?" Na mimi, ambaye siwezi kumwomba mwenye duka anirudishie chenji yangu, nilijibu, "Umewaka vizuri."

Uliwaka kwa njiti za Ouma.

Unamjua Ouma wa leo, Ouma wa mashua ya kwenda kisiwani, anayefuatwa na watoto wakimwimbia. Sijui kama unamkumbuka Ouma wa zamani. Alikuwa mtu wa Baba, aliyefanya naye kazi tangu kabla hujazaliwa, na mimi na wewe tulimwita Baba Mdogo. Kwenye mashua ya Baba kila kitu kilikuwa na mtu wake, na hakuna aliyegusa cha mwenzake. Moto ulikuwa wa Ouma. Aliweka njiti za kiberiti, zile zinazowaka ukizikwaruza popote, kwenye chupa, akaiziba kwa kizibo na nta, akaizungushia kamba iliyopakwa lami isivunjike, akaitundika ndani ya mashua upande wa mbele. Ukiitazama kwa nje huwezi kujua kama imejaa au la.

Mimi nilijua. Mashua ilikuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo, mita chache kutoka jikoni kwetu. Alfajiri nilikwenda nikachomoa kizibo, nikatoa njiti nne au tano, nikakirudisha na kukipapasa nta kwa kidole gumba. Kisha nikaenda nyuma ya jiko. Baba alitaka kuniona nikipiga jiwe, nikamwambia naona haya kutazamwa. Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana liliaminika. Nimegundua kwamba uongo wangu wote mzuri ulikuwa na kitu cha kweli ndani yake.

Ulikuwa na miaka saba tulipokwenda Asembo Bay kumpelekea mtu mashua yake iliyokuwa imetengenezwa, tukiivuta nyuma ya mashua yetu. Hapakuwa na mtu wa kutuachia, ndiyo maana tulikwenda wote wanne. Asubuhi ya safari Baba alisema tunywe chai kabla ya kuondoka, na akasema niwashe kwa jiwe. Nikaenda kwenye chupa ya Ouma. Nilitoa zote zilizobaki kwa sababu sikutaka kurudi mara ya pili. Nilipomaliza kuwasha, zilibaki tatu. Nilizifunga kwenye pindo la kitambaa changu cha kichwa, nikiwa na nia ya kuzirudisha. Nia hiyo ninayo mpaka leo.

Wewe husimulia mvua iliyotukuta njiani vizuri kuliko mimi, kwa hiyo nitaipita. Umeongeza radi na umeongeza mamba. Mamba hakuwepo. Kilichokuwepo ni maji mashuani mpaka magotini, na Baba akiamua tutoke ziwani mahali popote, na popote pakawa ufuo mtupu wenye miamba na matete, bila nyumba karibu. Jioni ilikuwa inaingia. Viboko walikuwa wakikoroma kwenye matete upande wa kushoto.

Ulikuwa umelowa tangu mchana. Ulitetemeka mpaka meno yakagongana, kisha ukaacha kutetemeka. Baba alikuvua nguo akakufunga kwenye koti lake, nalo pia lilikuwa limelowa, akakusugua mgongo akikuita jina lako. Hukuitika. Wewe, Akinyi, ambaye huitiki ukiitwa kuosha vyombo lakini huwezi kukaa kimya dakika moja, hukuitika.

"Ouma, chupa," Baba akasema.

Ouma akaitoa, akaing'oa kizibo kwa meno, akaigeuza juu ya kiganja. Hakuna kilichotoka. Akaigonga. Akaitazama ndani kwa jicho moja.

"Niliijaza, fundi."

"Ulijaza nini?"

"Nilijaza juzi, kwa mkono huu."

"Kazi yako ilikuwa moja, Ouma. Moja. Hata mtoto wa darasa la pili angeikumbuka."

"Nilijaza."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, mkono juu ya kitambaa changu cha kichwa. Ingetosha kusema, ninazo tatu hapa. Maneno matatu. Lakini baada ya hayo matatu wangeniuliza zimetoka wapi, na baada ya hapo ningeeleza habari za miezi yote ile nyuma ya jiko. Nilitazama midomo yako, ambayo ilikuwa imebadilika rangi, na bado sikusema. Hili ndilo jambo ambalo sijalisamehe, na wala sikuombi ulisamehe. Nakuambia tu kwamba nilikutazama na bado nikanyamaza.

Baba akanigeukia. "Adhiambo ana jiwe," akasema, kama mtu anayesema mvua imekwisha.

Nikalichukua kopo nikasema nitakwenda nyuma ya mwamba, siwezi nikitazamwa. Ouma alichukua panga akapasua ubao wake wa kukalia mpaka akafikia mti mkavu wa ndani, akanipa vibanzi. Kisha akachana mto wake, ule alioujaza usufi, akachomoa usufi wa katikati ambao maji hayakuufikia, akaniwekea kwenye mikono miwili. "Pole pole, mwanangu," akaniambia. "Usiupulize kwa hasira."

Nyuma ya mwamba nilipiga jiwe kwanza. Nataka ujue hilo, ingawa halinisaidii. Nilipiga huku nikilia, na cheche zikaanguka kwenye donge zikafa kama kawaida. Ndipo nikafungua pindo. Njiti mbili zilikuwa zimepata unyevu, vichwa vikabomoka kwenye mwamba. Ya tatu ikawaka, nikaifukia kwenye usufi, nikavila vijiti vilivyobaki kwa sababu sikujua pa kuvitupa. Nilivila, Akinyi. Nilivitafuna na kumeza.

Nikatoka na moto mikononi. Baba alilia. Uliamka baada ya muda ukaomba ugali, na Ouma ndiye aliyecheka wa kwanza. Ubao ulikuwa wake, usufi ulikuwa wake, njiti ilikuwa yake. Kila kilichowaka jioni ile kilikuwa cha Ouma, na mimi ndiye niliyeitwa Nyar Mach, binti wa moto.

Tuliporudi Dunga, Baba alisimulia. Baba akisimulia kitu, wanaotengeneza nyavu huacha kutengeneza nyavu. Katika wiki moja Ouma akawa Chupa Tupu. Akina mama wanaonunua samaki wa ngege walimwita hivyo, mtoto wa mchungaji alimwita hivyo. Alivumilia mpaka msimu uliofuata, kisha akamwambia Baba anakwenda kutafuta mashua yake mwenyewe kisiwani. Baba hakumzuia. Alisema, kwa sauti ya chini lakini Ouma akiwa bado mlangoni, kwamba mtu anayesahau moto atasahau na kuziba tundu.

Na tangu hapo wewe ndiye msimulizi. Sijui kama unaelewa jinsi unavyonichosha. Tukitoka kanisani unasimulia. Mgeni akija kuulizia mashua, kabla hajaketi, unasimulia. "Dada yangu huyu unayemwona amenyamaza," unasema, na unaninyooshea kidole, "aliwasha moto kwenye mvua kwa jiwe." Unajua unaninunulia nini? Unaninunulia macho ya watu. Kisha unamwigiza Ouma akitazama chupa kwa jicho moja, na watu wanacheka, na mimi naenda jikoni kufanya kazi isiyokuwepo. Unadhani ni haya zangu. Umewahi kumwambia Baba, "Mama hapendi kusifiwa." Nilikaribia kukupiga kwa mwiko.

Mwaka juzi, shuleni, mwalimu wetu wa ushonaji alileta nyuzi mbili na mshumaa. Akachoma uzi wa kwanza, ukawaka ukaacha jivu na harufu ya karatasi. "Huu ni pamba," akasema. Akachoma wa pili, ukajikunja, ukayeyuka, ukaacha shanga nyeusi ngumu. "Na huu ni tetroni. Siku hizi karibu mashati yenu yote ni ya nyuzi hizi, kwa hiyo mwangalie pasi." Wenzangu waliandika. Mimi niliitazama ile shanga. Nilikuwa na ndugu yake nyumbani, chini ya kopo.

Kumbe mkono wangu haukuwa na kosa. Ilikuwa shati tu. Nilikasirika siku ile kuliko siku nyingine yoyote, nikamkasirikia Baba, ambaye katika ujana wake nguo zote zilikuwa pamba na hakuwahi kufikiri kwamba zinaweza kuwa kitu kingine. Lakini Baba angejua kwa mtazamo mmoja kama ningemwonyesha kopo. Angelitazama, angecheka, angesema, "Hii ni nini, umepika viatu?" Ingekwisha hapo, kabla ya chupa, kabla ya Asembo. Sikumwonyesha kwa sababu niliona haya kushindwa kitu rahisi. Nimefikiria jambo hili kwa miaka miwili na kila nikilifikiria nataka kujizaba kofi.

Nilitafuta pamba nyumbani. Nyavu zote siku hizi ni naironi, matanga mabovu ya Baba yaliuzwa, na nguo zetu ni tetroni mpaka mapazia. Pamba iliyobaki ni gauni la Mama la maua ya buluu, lile lililo chini ya sanduku. Nilikata pindo, upana wa kiganja. Baba hajui hilo pia. Nikalichoma koponi, nikapiga jiwe mara tano, cheche ikaanguka, ikabaki. Niliitazama ikitambaa kwenye kitambaa cha Mama. Sikuipuliza. Nilikaa tu mpaka ikafika mwisho na kuzimika, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kumwita aje aone.

Ndicho kitambaa kilichomo kwenye kopo lako. Usikichezee.

Mwezi uliopita, Shangazi alipotuma ujumbe kwamba mikono yake inatetemeka, na kwamba duka la kisiwani hukosa kiberiti mashua zisipovuka, na kwamba apelekewe mtoto wa nyumba yenye jiwe la moto, niliona lazima nikufundishe kweli. Mimi naenda kusomea ualimu, na kama wanafunzi wangu watakuwa kama wewe, afadhali nivue omena.

"Piga kwa kushuka," nikakuambia. "Unaikwaruza kingo ya jiwe, huigongi."

"Ninashuka."

"Unapapasa, Akinyi."

"Jiwe lako limezeeka, Mama."

"Jiwe halizeeki. Shika kitambaa karibu na kingo. Karibu zaidi. Hapo unachoma kidole."

"Wewe kule Asembo ulipiga mara ngapi?"

Nikainama kuokota nyasi zilizoanguka.

"Nasema kule Asembo, kwenye mvua."

"Piga, uache maneno."

Ukapiga huku ukimtazama kuku aliyekuwa akiingia jikoni, hukutazama hata mkono wako, na cheche ikakaa. Ukaifunga kwenye nyasi ukapuliza kutoka chini, pumzi ndefu, na moto ukatoka. "Ni hivi tu?" ukauliza. Kisha ukamfukuza kuku. Ni hivi tu. Miaka mitano ya maisha yangu, na ni hivi tu.

Nilipofika kwenye mstari huo, mtu alipiga hodi. Niliificha karatasi chini ya sahani nikatoka. Alikuwa Ouma.

"Fundi yuko?"

"Wameenda Kondele, Baba Mdogo." Neno lilinitoka lenyewe. Sikuwa nimemwita hivyo tangu alipohama. Aliinama akajikuna shingo.

"Nilitaka kuona mzigo wa mtoto. Nisije nikapakia magunia ya watu halafu akakosa pa kuketi."

"Sanduku moja na kikapu."

"Na kopo la moto?"

"Lipo."

"Vizuri. Shangazi yenu analisubiri kopo hilo kuliko anavyomsubiri mtoto." Akacheka, kisha akaingiza mkono kwenye koti akatoa chupa iliyozungushiwa kamba ya lami. "Lakini nami nina yangu. Shika. Tikisa."

Nikatikisa. Njiti zikalia ndani.

"Nyingine iko mashuani. Natikisa zote mbili kabla ya kung'oa nanga, kwenda na kurudi. Abiria wananicheka, nawaambia chekeni, mtafika. Nimeona nikuletee uhakikishe mwenyewe. Fundi akisikia kwamba Nyar Mach ameitikisa, atalala."

"Baba Mdogo," nikasema.

"Sema, mwanangu."

Akangoja. Ni mtu anayejua kungoja. Nikasema, "Utakunywa chai?"

"Chai hapana." Akairudisha chupa mfukoni lakini hakuondoka. "Unajua, mpaka leo sijui nilisahau vipi. Naukumbuka mkono wangu ukiziingiza, nauona kabisa. Mke wangu anasema labda nilijaza siku nyingine. Nadhani kichwa changu kina tundu mahali. Ndiyo maana natikisa." Akasema kama mtu anayeeleza habari za goti linalouma. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Asichelewe."

Watoto walikuwa wanamngoja njiani. "Chupa Tupu, tutikisie." Akaitoa chupa, akaiinua juu, akawatikisia, nao wakacheka, naye akacheka nao.

Nimerudi mezani. Nilidhani nilimnyang'anya Ouma jina lake, na jina mtu anaweza kuishi bila. Sikujua kwamba nilimnyang'anya na kichwa chake. Kwa miaka minne mtu mzima amekuwa haamini mkono wake mwenyewe, mkono ambao haukukosea. Na nilikuwa na nafasi, mlangoni, hakuna mtu, na yeye akiniambia niseme, nami nikamkaribisha chai. Yawa, Akinyi. Nimechoka na mtu huyu ninayeishi ndani yake.

Nimesoma tena mwanzo wa barua hii. Nimekuomba usimwambie mtu. Nilitaka kukupa mzigo uniwekee kisiwani ili mimi niende ualimuni nikiwa mwepesi, na nikakupandisha kwenye mashua ya mtu huyo huyo. Sikuombi tena. Nimefikiria kuikata mistari hiyo, lakini nimeiacha ili uone nilivyo.

Kesho saa kumi na mbili utaniona ufuoni. Watu watakuwepo, maana Jumapili mashua hujaa, na akina mama wa samaki watakuwepo, na Baba. Ouma akizitoa chupa kuzitikisa, nitasema. Nitasema kwa sauti ndogo na pengine nitakwama kabla sijamaliza. Leo usiku nitakuomba kwa mdomo usinisaidie kesho. Najua utataka kunimalizia sentensi, kama unavyonimalizia dukani. Unyamaze, hata kama itachukua muda, hata kama Baba atanigeukia kwa sura ile.

Na kama umefungua barua hii mashuani na hukunisikia ufuoni, ujue kwamba nilishindwa tena, kama nilivyoshindwa mlangoni. Hapo usinihurumie. Inua kichwa, mtazame Ouma pale kwenye usukani, urudi kwenye mstari wa kwanza, na usome kwa sauti.

Ni mimi,
Adhiambo